Kamba ya katani na kamba ya manila: kisa cha mkonge wa Tanga

Mwaka 1964 nchi yetu, Tanzania, ilizalisha takribani tani 230,000 za singa, yaani nyuzi, za mkonge, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi karibu tani 20,000. Mmea ulikuwa uleule, udongo wa Tanga, Korogwe na Morogoro uleule, na reli ya kwenda bandarini bado ilikuwepo. Ukimuuliza mtu mzima kulitokea nini, mara nyingi atakujibu kwa siasa: Azimio la Arusha, mashamba kutaifishwa, mameneja wasiojua kazi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na nitalirudia baadaye. Lakini halielezi kwa nini bei ilianza kuanguka miaka mitatu kabla serikali haijayachukua mashamba.

Kilichoiangusha bei kilizaliwa maabara, Milano, mwaka 1954. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefika sura ya alkeni, molekuli za kaboni na haidrojeni zenye bondi maradufu, ana karibu kila anachohitaji ili akielewe. Ndiyo maana nakichagua kisa hiki badala ya orodha za majina na fomula ambazo kwa kawaida ndizo zinazoitwa kemia ya kikaboni: hapa fomula mbili ziligombania soko moja, na moja ikashindwa.

Mnunuzi alitaka nini

Mkonge wenyewe ulikuja na wakoloni. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, na mashamba ya koloni lile yalianzia hapo. Miaka sabini baadaye mkonge ulikuwa umejenga miji, umeleta manamba kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, na ulikuwa zao la kwanza la nchi kwa fedha za kigeni.

Zilikuwa zinaenda wapi singa zote hizo? Kiasi fulani kilikwenda kwenye kamba za meli, magunia na mazulia. Soko kubwa, hata hivyo, lilikuwa kamba nyembamba ya kufungia marobota ya nyasi kavu huko Marekani, Kanada na Ulaya. Mkulima wa huko hukata nyasi kiangazi, mashine inazisokota kuwa robota na kulifunga kwa kamba, robota linakaa ghalani au nje hadi ng'ombe watakapolihitaji wakati wa baridi. Kamba haina kazi nyingine zaidi ya hiyo. Haihitaji uzuri wala sifa. Inatakiwa isikatike mashineni, isioze kabla ya nyasi kuliwa, na iwe rahisi.

Jambo moja katika biashara hii watu hulipita haraka mno. Mkonge uliuzwa kwa tani, lakini mkulima hakuwa na haja ya tani. Alikuwa na haja ya mita, kwa sababu robota moja linakula mita kadhaa za kamba bila kujali kamba ile ina uzito gani. Lishike hilo; hesabu yote ya kisa inaning'inia hapo.

Mnyororo wenye haidroksili

Jani la mkonge likipitishwa kwenye korona, mashine inayoliponda na kulikwangua huku maji yakimwagika, kinachobaki kuwa singa ni karibu kilo nne katika kila kilo mia. Nyingine zote ni maji na makapi. Singa yenyewe ikikauka ni selulosi kwa takribani theluthi mbili, na iliyobaki ni hemiselulosi, lignini na vitu vidogovidogo.

Selulosi ni polima: molekuli ndefu iliyojengwa kwa kurudia kipande kimoja, yaani monoma, maelfu ya mara. Monoma yake ni glukosi. Wanafunzi huwa hawaamini wakiambiwa kwamba unga wa sembe nao ni glukosi iliyounganishwa, glukosi ileile. Tofauti ni jinsi pete moja inavyoshikana na inayofuata. Katika wanga bondi ile imeelekea upande mmoja, nayo hujulikana kama alfa. Mnyororo unajipinda, na vimeng'enya vya mate na utumbo wetu vinaukata kwa urahisi. Katika selulosi bondi ni ya beta. Kila pete imegeuzwa kinyume cha jirani yake, mnyororo unanyooka, na utumbo wa binadamu hauna kifaa cha kuukata. Kwa hiyo ugali unashibisha na kamba ya katani haishibishi, ingawa vyote viwili vimetokana na sukari moja.

Mnyororo ulionyooka unaweza kulala sambamba na mwingine. Kila pete ya glukosi ndani ya selulosi ina vikundi vitatu vya haidroksili, yaani oksijeni iliyoshika haidrojeni, OH. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu, hivyo haidrojeni yake inabaki na chaji chanya kidogo, na hiyo haidrojeni inavutwa na oksijeni ya mnyororo wa jirani. Huo mvuto ni bondi ya haidrojeni. Moja peke yake ni dhaifu. Zikiwa maelfu kwa maelfu katika kila mnyororo, unapata uzi ambao mtu mzima hawezi kuukata kwa mikono.

Tatizo ni kwamba OH haichagui. Maji nayo ni H na O, na molekuli za maji zinaingia katikati na kushikana na haidroksili zilezile. Hewa yenye unyevu peke yake inatosha kuipa singa uzito wa maji wa kama asilimia kumi. Kamba ikilowa inavimba, inafupika, fundo linakaza hadi linatafutiwa panga. Mahali maji yanapofika, kuvu na bakteria nao wanafika, na hawa, tofauti na sisi, wana kimeng'enya cha kuikata bondi ya beta. Kimeng'enya kile kinahitaji maji ili kifanye kazi, kwa kuwa kila bondi inayokatwa inatumia molekuli moja ya maji. Kamba iliyokaa ardhini penye unyevu msimu mmoja inakatika mikononi.

Kwa hiyo kikundi kinachoipa singa nguvu ndicho kinachoiozesha. Hilo si kosa la mkulima wala la korona. Liko kwenye fomula.

Mnyororo usio na chochote

Sasa upande wa pili. Ukivunja molekuli kubwa za mafuta ghafi kwa joto kali, lengo likiwa kupata petroli au ethini, unapata pia gesi nyingi ya propini, au propilini kama viwandani wanavyoiita: CH2=CH–CH3. Kaboni tatu na bondi moja maradufu. Miaka ya 1940 viwanda vilikuwa nayo ya ziada, na bei yake ilikuwa ndogo.

Kwenye karatasi, kuigeuza kuwa polima ni kazi ya dakika moja ubaoni. Bondi maradufu inafunguka, kila kaboni inapata mkono huru, mikono inashikana, na unapata mnyororo mrefu ambao kila kaboni ya pili imebeba tawi la methili, CH3. Kiwandani haikuwa hivyo. Waliojaribu walipata ute unaonata usiofaa kitu, kwa sababu matawi ya methili yalijipanga ovyo, moja kushoto, mawili kulia, na minyororo iliyo hivyo haiwezi kulala sambamba.

Mwaka 1953 Karl Ziegler, huko Mülheim, Ujerumani, aligundua kwamba mchanganyiko wa kloridi ya titani na kampaundi ya alumini yenye kaboni unaweza kuiunganisha ethini bila shinikizo kubwa. Mwaka uliofuata Giulio Natta wa Milano akautumia mchanganyiko wa aina hiyo kama kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, kwenye propilini, na kilichotoka kilikuwa kitu kigumu chenye fuwele: polipropilini. Kichocheo kilikuwa kinapokea kila propilini kwa mkao uleule, hivyo methili zote zikatokea upande mmoja wa mnyororo, zikiwa zimepangika kama meno ya kitana. Kampuni ya Montecatini ilianza kuitengeneza kwa wingi Ferrara, Italia, mwaka 1957. Ziegler na Natta walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963, yaani mwaka mmoja kabla ya kilele cha mkonge wetu. (Nani hasa aliyetangulia ni ugomvi mwingine. Hogan na Banks wa kampuni ya Phillips, Marekani, walikuwa wameipata polipropilini ya fuwele mwaka 1951, na kesi ya hataza nchini humo ilimalizika miaka ya 1980 kwa ushindi wao.)

Linganisha minyororo miwili. Kwenye selulosi kuna OH tatu kila pete. Kwenye polipropilini kuna kaboni na haidrojeni tu, hakuna oksijeni hata moja. Haina cha kuyavutia maji. Kuvu hawana bondi ya kushika wala maji ya kufanyia kazi. Utauliza, na ni swali zuri kwa mtihani: kama hakuna bondi za haidrojeni, nguvu inatoka wapi? Inatoka kwenye mpangilio. Minyororo iliyonyooka na inayofanana inakaribiana sana, na mivuto midogo iliyopo kati ya molekuli zote, hata zisizo na chaji, inajumlishwa kwa urefu wote wa mnyororo. Kiwandani plastiki inavutwa ikiwa na joto ili minyororo ielekee upande mmoja, kisha inakatwa kuwa nyuzi. Kwa unene uleule, kamba ya polipropilini, ile ambayo madukani huitwa manila, inabeba karibu mara mbili ya kamba ya katani kabla ya kukatika.

Hesabu ya mita

Singa ya mkonge ina msongamano wa karibu gramu 1.45 kwa sentimita moja ya ujazo. Polipropilini ni kama 0.91. Gawanya: kwa unene uleule, kilo moja ya polipropilini inatoa kamba ndefu zaidi kwa takribani asilimia 60. Ongeza kwamba inaweza kufanywa nyembamba na bado isikatike. Singa moja ina urefu wa mita moja hivi, kwa hiyo kamba ya katani ni vipande vifupi vilivyosokotwa pamoja na inahitaji unene ili visichomoke, ilhali uzi wa plastiki unatoka mashineni bila kikomo. Ukijumlisha yote, kilo moja ya plastiki inamfikisha mkulima umbali wa kilo mbili au zaidi za katani.

Ndiyo sababu waliokuwa wakifuatilia bei ya tani kwa tani hawakuiona hatari mapema. Tani ya polipropilini ingeweza kuuzwa ghali kuliko tani ya mkonge na bado ikashinda. Isitoshe, bei ya mkonge mwaka 1963 na 1964 ilikuwa juu sana, jambo lililoonekana neema hapa nyumbani. Kwa mnunuzi wa ng'ambo ilikuwa sababu ya kutafuta mbadala, na mbadala ulikuwa umeshaanza kutoka viwandani. Kuanzia 1964 bei ikaporomoka mwaka hadi mwaka. Mashamba kadhaa yalifungwa na maelfu ya watu wakapoteza kazi kabla ya Oktoba 1967, serikali ilipochukua sehemu kubwa ya mashamba na kuunda Shirika la Mkonge. Mwalimu Nyerere alikuwa akilitolea mfano zao hili mara nyingi katika hotuba: tani za mkonge zinazohitajika kununua trekta moja zinazidi kuongezeka.

Yapo mambo kemia haielezi, na hapa ndipo naurudia utaifishaji. Mwaka 1973 bei ya mafuta ghafi ilipaa. Propilini inatokana na mafuta, hivyo kamba ya plastiki ikapanda, na wanunuzi wakarudi mbio kwenye katani. Bei ya mkonge mwaka 1974 ilipanda mara kadhaa kuliko ilivyokuwa mwanzoni mwa muongo. Hakuna maabara ingeweza kuandaa jaribio safi zaidi kuthibitisha kwamba mshindani wa mkonge alikuwa ni pipa la mafuta.

Tanzania haikufaidika ipasavyo. Mkonge hukatwa kwa mara ya kwanza karibu miaka mitatu baada ya kupandwa, na katika miaka ya bei mbaya upandaji ulikuwa umezorota. Kituo cha utafiti cha Mlingano kilikuwa kimeshatoa chotara namba 11648, ambaye maishani mwake hutoa majani 600 hivi, ambapo mkonge wa kawaida hutoa kama 200 hadi 250. Mbegu bora ilikuwepo. Haikuwa ardhini kwa wingi wa kutosha wakati bei inapaa. Mimi nayagawa makosa hivi: kuporomoka kwa 1964 hadi 1970 ni kazi ya Milano na Ferrara, na hakuna meneja angelizuia, kushindwa kuinuka mwaka 1974 ni kazi yetu wenyewe. Anayechanganya vipindi hivi viwili, kwa kumlaumu Nyerere kwa vyote au kumsamehe vyote, hajaangalia tarehe.

Jaribio la ndoo na kiberiti

Kisa hiki kina faida moja kwa shule isiyo na maabara. Tafuta vipande vya kamba ya katani, kamba ya manila ya buluu au kijani, uzi wa sandarusi (gunia la plastiki) na, ukipata, kipande cha nyavu ya nailoni. Vitie kwenye ndoo ya maji na uvifinye ili hewa itoke. Manila na sandarusi vitaelea hata vikikaa wiki nzima. Nailoni, ambayo msongamano wake ni karibu 1.14, itazama. Katani inaelea mwanzoni kwa sababu ya hewa iliyo ndani ya singa, kisha inalowa na kushuka. Wape wanafunzi dakika kumi waeleze kwa nini, kabla hujawaambia.

Jaribio la moto lifanyike nje, kwa kipande kidogo kilichoshikwa na koleo, ndoo ya mchanga ikiwa pembeni, mwalimu mwenyewe akiwasha. Matone ya plastiki iliyoyeyuka yanaunguza vibaya na hayafutiki ngozini. Katani inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha majivu mepesi. Manila inajikunja ikiukimbia moto, inayeyuka, inadondoka, na harufu yake ni ya mshumaa uliozimwa. Harufu ile si bahati: nta ya mshumaa ni alkani ndefu, yaani mnyororo wa kaboni na haidrojeni usio na bondi maradufu, na polipropilini kwa vitendo ni alkani ndefu kupindukia yenye matawi.

Ukimaliza, chukua mfuko mbadala, ule laini unaofanana na kitambaa uliojaa madukani baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Pima kipande chake kwa majaribio yaleyale. Mingi ni polipropilini, nyuzi zilizogandamizwa kwa joto badala ya kufumwa. Wengi wanashangaa.

Sandarusi juani

Ingekuwa rahisi kusema plastiki haiharibiki kamwe, lakini mtu yeyote aliyeacha sandarusi juani miezi kadhaa anajua inapukutika ikiguswa. Kemia yake inavutia. Kila kaboni yenye tawi la methili imeshikwa na kaboni tatu, na haidrojeni yake moja iliyobaki ndiyo dhaifu kuliko zote mnyororoni. Miale ya jua ikisaidiana na oksijeni inaing'oa haidrojeni ile, inabaki radikali huru, yaani kaboni yenye elektroni isiyo na mwenzi, oksijeni inajipachika, na mnyororo unakatika hapo. Vipande vinazidi kuwa vifupi. Lakini vinabaki kuwa plastiki: vumbi la polipropilini kwenye udongo wa shamba, ambalo kuvu bado hawawezi kulila ila kwa mwendo wa kinyonga. Ng'ombe anayemeza kamba ya katani ndani ya nyasi anaiyeyusha kwa msaada wa bakteria wa tumboni. Kamba ya plastiki inabaki tumboni ikijiviringisha, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanalijua hilo vizuri, kiasi kwamba baadhi hawakuwahi kuiacha katani.

Soko lililobaki ni la wale wanaoitaka OH yenyewe. Vitambaa vya kung'arishia chuma vinatengenezwa kwa katani kwa sababu haiyeyuki kwa joto la msuguano, ilhali polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi. Ubao wa kurushia vishale unaotumika kwenye mashindano ni singa za mkonge, nyingi kutoka Kenya na Tanzania, zilizosimamishwa wima na kugandamizwa. Kishale kikichomolewa singa zinajirudia na tundu linafunga. Huko Hale, Tanga, makapi ya korona, zile kilo tisini na sita za kila mia zilizokuwa zikitupwa mitoni, yaliwekewa mtambo wa biogesi ili bakteria wayavunje na gesi iendeshe jenereta ya umeme.

Na minyororo miwili iliyogombania soko siku hizi hukutanishwa kwenye kitu kimoja. Watengenezaji wa magari huchanganya nyuzi za mimea, mkonge ukiwemo, ndani ya polipropilini ili kupata paneli nyepesi za milango. Mara ya kwanza mchanganyiko haushikani: uso wa singa umejaa OH inayopenda maji, plastiki haina chochote cha kuishika, na paneli inaachana pale vinapogusana. Dawa yake ni kuipachikia polipropilini kidogo anhidridi ya maleiki kando ya mnyororo. Pete ya anhidridi inafunguka ikikutana na haidroksili ya selulosi na kufanya esta, bondi halisi kati ya mnyororo wa Tanga na mnyororo wa Ferrara. Mwanafunzi anayeweza kuiandika hatua hiyo moja daftarini, mishale ikiwa mahali pake, ameshavuka mtaala wa kidato cha nne.